Somo la Pili la Hawa

Simu ilipolia, Issaka alikuwa amelala chali chini ya Fuso yake kwenye pakingi ya Beni, mikono imejaa girisi, akipambana na boliti iliyomsumbua tangu asubuhi. Aliichomoa simu mfukoni kwa vidole viwili, akaona jina la binti yake, akaiweka sikioni akiwa amelala vilevile. Hawa alikuwa anasoma chuo kikuu Butembo, na hakuwa na desturi ya kupiga simu katikati ya siku ya masomo.

"Papa, minakusalimia. Uko wapi?"

"Niko chini ya motokari. Iko nini? Uko mugonjwa?"

"Hapana, papa, niko salama. Ni juu ya masomo. Tunapashwa kuchagula mineure."

Issaka aliiacha boliti. "Mineure? Mineure si ni mutoto mwenye hayatimiza miaka?"

Hawa akacheka, na kicheko chake kikamfikia baba chini ya gari kama upepo wa mlimani. "Hapana, papa. Somo yangu kubwa ni économie, iyo unaijua. Lakini mwaka uyu wanatuomba tuongeze somo ingine, ya kidogo, ya kutembea na ile kubwa."

"Kama remorque," Issaka alisema, akiwaza trela.

"Njo ivyo, papa! Kama remorque nyuma ya camion."

Akamweleza kwamba masomo hayo ya pili yalikuwa manne: droit, yaani sheria; informatique, mambo ya kompyuta; anglais, Kiingereza; na géographie, jiografia. Mwanafunzi alichukua moja tu, akaenda nalo mpaka mwisho. Jibu lilitakiwa kufika chuoni kabla ya Jumatatu.

"Sasa weye unataka gani?" Issaka akauliza.

Upande wa pili pakawa kimya kidogo. Alisikia pikipiki zikipita huko Butembo, na mtu akiita jina la mwenzake.

"Miye nilisema weye njo useme, papa. Ile utasema, njo nitachukua."

Issaka alitoka chini ya gari, akakaa kwenye tairi la akiba, akaitazama simu iliyokuwa imekatika. Watu walimwuliza mambo mengi maishani mwake. Walimwuliza kama barabara ya Eringeti inapitika, kama kuna nafasi ya magunia mengine nyuma, kama mvua itaacha. Jambo la chuo kikuu hakuna aliyewahi kumwuliza. Shule aliiacha Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, mwaka ule baba yake alipofariki, na tangu hapo elimu yake ikawa barabara. Alipanda nyuma ya malori ya watu akiwa bado hajaota ndevu, akateremka kutoka la mwisho siku aliyonunua la kwake. Na sasa binti yake, ambaye kesho kutwa angeitwa licenciée, mwenye digrii, alikuwa anamwambia: sema wewe.

Alinawa mikono kwa mafuta ya gari na sabuni ya unga, akaenda kwa Gérard.

Gérard alikuwa muuza vipuri, mtu wa Lubero, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na rafiki wa Issaka kwa muda mrefu kuliko wote wawili walivyopenda kuhesabu. Duka lake lilikuwa ng'ambo ya pakingi. Alisikiliza habari yote akipangusa kichujio cha mafuta kwa kitambaa, kisha akasema bila kusita, "Informatique. Angalia mutoto wangu Luc. Fasi yote kuko ordinateur, na kila ordinateur inaharibika."

"Hawa hapana taka kutengeneza ordinateur."

"Alikuambia?"

"Hapana. Alisema miye njo nichagule."

Gérard akaweka kichujio chini. "Ndugu yangu, mimi nitakuuliza kintu, na weye hapana kasirika. Unatafuta somo yenye itamusaidia mutoto, ao unatafuta somo yenye itamurudisha Beni?"

Issaka alikasirika. Alijibu jambo fulani kuhusu watu wanaojifanya mapadri bila kuvaa kanzu, akatoka dukani kwa hatua kubwa. Alipofika kwenye gari lake, alijua hasira ile ilitoka wapi.

Kwa maana nyumbani kwake kulikuwa na chumba ambacho mlango wake haukufunguliwa sana. Kilikuwa cha Jumaine, mtoto wake wa kwanza. Jumaine aliondoka kwenda Durban wakati Hawa bado yuko sekondari. Alisema anakwenda mwaka mmoja tu, akusanye kitu, arudi afungue depo pamoja na baba yake. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Baadaye akawa anapiga sikukuu kwa sikukuu. Sasa hata sikukuu zilipita, na wazazi wake walijua yu hai kwa sababu picha yake kwenye WhatsApp ilibadilika mara kwa mara: leo ana koti jipya, kesho amesimama mbele ya ukuta wasioujua. Sikitu, mama yake, aliifungua picha hiyo kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Akiiona ni ileile, hakusema neno. Akiiona imebadilika, alimwita mumewe: "Papa Jumaine, njoo uone, alikonda."

Walikuwa wameitana hivyo tangu mtoto azaliwe, Papa Jumaine na Mama Jumaine, kama ilivyo kawaida ya watu. Kwa hiyo kila mmoja alipomhitaji mwenzake amletee maji au amfungulie mlango, jina la mtoto yule lilitajwa ndani ya nyumba.

Jioni ile Issaka alimweleza mke wake habari ya somo la pili. Sikitu alikuwa anapepeta mchele uani. Hakumwacha amalize.

"Droit," alisema.

"Juu ya nini droit?"

"Juu tribunal ya kukata kesi iko hapa. Ataamuka hapa, atakunywa chai hapa, ataenda ku kazi na miguu, saa ya kula atarudia hapa." Akarusha mchele juu, ukarudi wote kwenye ungo. "Informatique itamupeleka Kinshasa. Anglais, Mungu tu njo anajua. Géographie ni ya nini? Dunia iko palepale."

Neno hilo la géographie lilimchoma Issaka kidogo, mahali pa zamani, lakini hakulijibu. Alisema, "Basi droit." Na waliposema hivyo wote wawili walijisikia wepesi. Walianza kuzungumza juu ya chumba gani Hawa angekitumia kuwekea vitabu vyake vya sheria.

Ijumaa, baada ya swala, Issaka alipakia mbao za kupeleka Butembo. Angeweza kutoa jibu kwa simu, lakini aliona jambo kama hilo halisemwi kwa simu. Sikitu alimfungia Hawa sambusa kwenye sahani yenye kifuniko, na sombe, yaani kisamvu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Barabara ya kutoka Beni huanza na joto, na michikichi na kakao pande zote, kisha hupanda. Issaka aliipenda saa ile hewa inapogeuka, dirisha linapoanza kuleta baridi na harufu ya mikalitusi. Kwenye kilima cha Kabasha mvua ilikuwa imepita kabla yake, na lori moja lilikuwa limelala ubavu kwenye tope, likawasimamisha wengine wote nyuma yake. Alizima injini. Katika foleni ile alijaribu maneno yake kwa sauti, peke yake ndani ya kabini. "Hawa, mama yako na miye tuliona droit ni muzuri." Aliona hayana uzito. "Hawa, binti yangu, sheria njo kintu ya maana." Akacheka mwenyewe, kwa maana alisikika kama gavana. Alifikiria namna Hawa angepinga, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa mtu wa kupinga, na akaandaa jibu kwa kila neno lake.

Alifika Butembo jua likiwa bado lipo. Hawa alipanga chumba pamoja na mwenzake wa masomo, Kaswera, msichana wa Lubero, kwenye mteremko wenye nyumba za matofali na bustani za kabichi. Kaswera alikuwa peke yake. Alimkaribisha mgeni kwa magoti, akamwekea chai na viazi vya kuchemsha vilivyotoka kwao, akamwambia Hawa angerudi sasa hivi kutoka masomoni.

"Munaishi muzuri?" Issaka aliuliza.

"Muzuri sana, papa. Hawa iko kama dada yangu kabisa. Ata sasa minafikiria siku ataenda, minasikia machozi."

"Ataenda wapi?"

"Si Kampala, papa? Benye kuchukua anglais, mwaka ya mwisho chuo inabapeleka kule. Yeye njo wa kwanza mu darasa yetu, bila shaka atapita. Kila asubuhi anasikiliza redio ya Kingereza, anarudilia maneno, mpaka miye naamuka na chuki." Alikuwa anacheka. Kisha aliuona uso wa Issaka, na kicheko kikamfia. Alifunika mdomo kwa kiganja. "Papa, nisamehe. Nilifikiri alikuambia."

"Hapana, hakuna neno," Issaka alisema. "Viazi ni vitamu."

Aliendelea kula, ingawa hakusikia ladha. Kampala. Ukiwa Beni si mbali kama Durban. Malori yalikuja kutoka huko kila wiki. Lakini Jumaine naye alipitia barabara hiyohiyo ya Kasindi, akaenda Kampala kwanza, na Kampala ilikuwa mlango tu.

Hawa aliporudi alimkuta baba yake amesimama uani, sahani ya sambusa mikononi kama mtu aliyekuja kuoa. Alikimbia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaubusu. Alikuwa amerefuka, au amekonda. Issaka hakuweza kujua ni lipi. Alivaa sweta ya kijivu ambayo baba yake hakuwahi kuiona. Alishangaa jinsi sweta moja inavyoweza kumwambia mtu kwamba mwanawe anaishi siku zake mahali pengine.

Walikwenda pamoja kwenye depo ambako mbao zilikuwa zinashushwa. Walikaa juu ya mbao ambazo zamu yake haijafika, wakitazama mji ukipanda na kushuka vilima, mabati mapya yaking'aa baada ya mvua. Issaka hakutaja Kampala. Alitaka aone kwanza mtoto angesema nini.

"Ile neno uliniuliza," alianza. "Mama yako na miye tulizungumuza. Tuliona droit."

Alijiweka tayari kupingwa. Hawa alitazama viatu vyake, akaitikia kwa kichwa mara moja, haraka.

"Sawa, papa. Nitaandika droit."

"Unaipenda?"

"Nitaipenda."

Ni hivyo tu. Majibu yote aliyoyaandaa Kabasha yakabaki mdomoni, hayana kazi. Alimtazama binti yake kwa pembeni. Hawa hakuwa amenuna. Uso wake ulikuwa umetulia, umefungwa vizuri, kama duka ambalo mwenyewe amesafiri. Issaka aliona afadhali angelia.

Baada ya muda Hawa aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kubadilisha mazungumzo, "Na weye, papa? Kama ulikuwa utaendelea na masomo, ulikuwa utachagula nini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo pia. Alifikiri angesema lolote la kuchekesha. Badala yake alijisikia akisema, "Géographie."

"Weye, papa?"

"Kule Mutwanga mwalimu alikuwa na karte, ramani ya inchi yote, kubwa kama mulango. Alikuwa anatuita, mumoya mumoya, tutie kidole fasi yetu. Sasa miye nilikuwa minatia kidole pale Mutwanga, alafu minafuata mayi. Mayi ya milima inaingia mu Semliki. Semliki inapanda juu, inaingia mu ziwa, inatoka tena. Alafu karte inaisha. Kidole inatoka ku karte, inafika ku ukuta." Akaonyesha hewani kwa kidole chenye girisi iliyokataa kutoka. "Nikauliza, mwalimu, pale ku ukuta kuko nini? Akasema, mayi yenu ya Mutwanga inaenda mpaka Misri. Ile siku sikulala. Nilikuwa nataka kuona fasi mayi inaenda. Mwaka ule ule papa akakufa. Basi."

Hawa alikuwa amegeuka kumtazama, mdomo umefunguka kidogo. Macho yake yalijaa.

"Basi nitaandika géographie," alisema. "Nitaisoma juu yako. Nitakuelezea kila kintu, papa, nitakuletea karte—"

"Hapana." Alilisema kwa ukali hata mmoja wa washushaji mbao akageuka. Akashusha sauti. "Hapana, Hawa. Ile njala ni yangu. Nilikaa nayo muda murefu, tulizoeana. Weye hapana ibeba."

"Sasa nichukue gani?"

"Ile unasikiliza ku redio kila asubuhi."

Hawa aliganda. Kisha akainamisha kichwa mpaka kikagusa magoti, na Issaka akaona mabega yake yakitikisika ndani ya ile sweta ya kijivu. Alimwacha. Mbao zilikuwa zinaanguka moja juu ya nyingine na kutoa mlio mkavu.

"Kaswera alisema?" Hawa aliuliza hatimaye, bila kuinua kichwa.

"Hakujua kama sijui. Usimukasirikie."

"Papa, nilikuwa nataka kukuambia. Kila mara nilishika simu, nikaona mama na ile picha ya Jumaine. Nikasema, miye nitabaambia namna gani kama na miye minaenda? Njo nikasema weye uchagule. Kama ulisema anglais, nilikuwa nitajua Mungu anataka. Kama ulisema kintu ingine, basi, ilikuwa imeisha, na miye singelaumu mutu."

Issaka alielewa sasa kile kimya kifupi cha kwenye simu. Mtoto alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja, akamwomba baba yake aamue kama aufungue au aufunge. Na yeye alikuwa amekuja mbio, na sambusa, kuufunga.

"Unapenda kwenda?" aliuliza.

"Minapenda sana, papa." Alilisema taratibu, kama mtu anayeungama njaa mbele ya watu waliokosa chakula. "Minapenda mpaka naona haya. Minataka kusikia namna bengine banafikiri biashara, minataka kukaa fasi hapana mutu anajua jina yangu. Alafu nirudi. Ni mwaka moya tu, papa, minakuahidi—"

"Hapana ahidi."

"Papa?"

"Jumaine aliniahidi mwaka moya. Iyo ahadi njo ilituua, haikuwa safari. Mama yako alihesabu ule mwaka mpaka akachoka. Weye enda tu. Siku utarudia, tutakuona. Siku hautarudia, hautakuwa umetudanganya."

Hawa alilaza kichwa begani pa baba yake, jambo ambalo hakulifanya tangu awe msichana mkubwa, na walikaa hivyo mpaka zamu ya mbao walizozikalia ilipofika, wakaombwa wasimame.

Issaka alirudi Beni kesho yake na magunia ya viazi. Sikitu alimpokea mlangoni, akatafuta usoni pake habari ya kopo la sombe na habari ya droit.

"Atachukua anglais," Issaka alisema. "Mwaka ya mwisho atasoma Kampala."

Sikitu alirudi jikoni. Issaka alimfuata, akasimama mlangoni akimtazama anavyomenya ndizi kwa kisu kifupi.

"Nilikutuma na droit," Sikitu alisema, "unanirudishia anglais."

"Ni kweli."

"Na ukakubali."

"Nilikubali."

"Juu ya nini, Papa Jumaine? Niambie. Wa kwanza tulimupatia dunia, ikamumeza. Sasa na huyu tunamupeleka na mikono yetu?"

Issaka si mtu wa maneno mengi, na maneno aliyokuwa nayo alikuwa ameyamaliza kwenye mbao. Alitafuta mengine. "Nilimuambia droit. Akasema sawa. Hakulia, hakukataa. Alikuwa ataandika droit na mukono yake. Unamujua Hawa. Lini alishakubali kintu ivyo?"

Sikitu aliendelea kumenya.

"Nikaogopa, Mama Jumaine. Nikaona atarudia hapa, atakaa hapa, atakunywa chai hapa kila siku, na siye tutamukosa vilevile."

Kisu kikasimama. Sikitu aliitazama ndizi iliyomenywa nusu, akaiweka pamoja na nyingine, akachukua nyingine. Chakula kikaiva. Alipomwekea sahani mbele yake, alisema tu, "Kampala kuko baridi?" na Issaka akajua kwamba amekubali, ingawa hakusamehe bado.

Hawa alisoma anglais pamoja na économie yake. Alipokuja likizo alitembea uani akisema peke yake maneno ambayo mama yake aliyaita ya ndege. Alishinda mtihani, kama Kaswera alivyotabiri. Mwaka wa mwisho ulipofika, wazazi wake walimsindikiza mpaka Kasindi, wote watatu ndani ya kabini ya Fuso, Hawa katikati, sanduku lake limefungwa nyuma juu ya mzigo wa watu. Milima ya Rwenzori ilikuwa imejifunika mawingu. Njia nzima Sikitu alitoa mawaidha: avae soksi, aswali kwa wakati, asile chakula cha barabarani, na mtu akimwambia ni ndugu ya Jumaine asimwamini.

Mpakani Hawa aliwaaga, akavuka kizuizi kwa miguu akivuta sanduku. Wao walisimama upande wa huku pamoja na wabadilisha fedha na wauza ndizi. Upande wa pili afisa mmoja alimsimamisha, akamwuliza jambo. Upepo uliwaletea sauti ya Hawa akijibu kwa Kiingereza. Haikuwa sauti ya uani. Ilikuwa nzito kidogo, imetulia, sauti ya mwanamke fulani mwenye safari zake. Afisa alicheka kwa alichokisikia, akampisha.

"Alisema nini?" Sikitu alinong'ona, amemshika mumewe kwa nguvu kwenye kiwiko.

"Sijui."

"Alimuchekesha," Sikitu alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka naye pia anacheka. "Uliona? Mutoto wangu alimuchekesha musungu mweusi ule."

Hawa aligeuka mara moja, akapunga mkono, akapotea nyuma ya malori yaliyopanga foleni ya forodha. Waliendelea kusimama pale. Malori yalisogea, mengine yakaja mahali pake. Mwisho wake Issaka alisema twende, na Sikitu akasema ngoja, na wakangoja, ingawa hapakuwa na kitu cha kungojea.

Tangu siku hiyo Issaka alipata tabia mpya, na watu wa pakingi waliizoea. Kila lori lililotoka Kampala likiingia Beni na saruji au sabuni, alimfuata dereva kabla hajafunga mlango. Alimsalimia, akamwuliza habari za barabara, kisha akauliza kama Kampala kulinyesha. Madereva walidhani ana mzigo huko usiotakiwa kulowa. Mmoja alijibu ndiyo, mwingine alijibu hajui, alilala safari nzima mwenzake akiendesha. Gérard, kutoka dukani kwake, aliona yote, na siku moja yeye mwenyewe alivuka pakingi kuja kumwambia kwamba dereva wa lori jekundu ametoka Kampala jana, amwahi kabla hajaenda kula.

Hawa alipiga simu Ijumaa. Ijumaa nyingine hakupiga, akaandika tu kwamba ana mtihani. Sikitu aliisoma ile sentensi, akaisoma tena, akaiweka simu chini kifudifudi.

Issaka aliporudi nyumbani jioni ile alimkuta ameketi kizingitini, mikono mapajani, sufuria iko motoni peke yake.

"Uliona batu ya Kampala?" Sikitu aliuliza.

"Nilimuona mumoya."

"Kulinyesha?"

Dereva alikuwa amesema mvua ilinyesha usiku kucha, hata mitaro ikafurika. Issaka alivua kofia, akakaa kizingitini kando ya mke wake.

"Kulinyesha kidogo," alisema. "Alafu jua ikatoka."